Kilo Mia Nane za Risasi

Jumatatu walileta buldoza.
Jumatano palikuwa na anga
pale palipokuwa na ghorofa mbili, 1953 juu ya mlango,
na jina la gazeti lenye mapengo matatu:
S UTI YA KI I A.
Watu wa Jinja tulikwisha kuzoea kulisoma hivyo,
kama unavyomwelewa kibogoyo.

Nilisoma prufu za Kiswahili, dirisha la nyuma,
jirani na kiwanda cha sabuni,
kwa hiyo kila habari, hata ya njaa,
ilininukia mafuta ya pamba.
Chini ya sakafu yangu alikuwa Tenywa na makasha ya herufi,
makasha yaliyoletwa kwa meli, yamepangwa na watu wa lugha nyingine:
e tele, zimekaa bure,
na a zinatuishia kabla ya aya ya pili.
Lugha zetu hutafuna a kama karanga.
Basi kwenye vichwa vya habari Tenywa alipindua V,
ikasimama mahali pa A, bila mkanda kiunoni.
Neno VITA lilimla V mbili,
moja wima, moja kichwa chini.
Alilichukia neno hilo kwa sababu hiyo, alisema.
Kwa sababu hiyo tu.

Mwenye mtambo, Bwana Vithaldas, aliondoka mwaka wa sabini na mbili
na sanduku moja, na ufunguo wa ofisi mfukoni.
Aliusahau, au hakuusahau.
Tulivunja kufuli letu wenyewe
ili tuchape habari yao: safu moja, ukurasa wa nne.
Nakala iliyoletwa ilisema *wameondoka*.
Gazeti lilisema *wameondolewa*.
Kosa la chapa, niliwaambia,
na kesho yake tukaomba radhi kwa herufi ndogo.

Kisha usiku mmoja wakaja wale wa kambini,
na Kiswahili kile
ambacho mama zetu wakikisikia barabarani walikomea milango.
"Mna risasi humu?"
Na Tenywa, mtu mkweli hadi kwenye nukta, akajibu,
"Ndiyo, afande. Kilo mia nane."

Nakumbuka bunduki zikiinuka.
Nakumbuka akivuta droo, polepole, ile ya a,
akammiminia koplo kiganjani
vijiti vya kijivu, laini,
kila kimoja na uso ulioandikwa kinyumenyume.
Koplo akaleta kimoja karibu na tochi. Akacheka.
Wenzake wakacheka kwa kuwa yeye kacheka.
Walimchukua hata hivyo.
Makasha waliyaacha.

Gazeti lilitoka wiki tatu zaidi.
Baadaye jengo likawa ghala la mahindi,
kisha kanisa la jioni, kisha ukumbi wa video,
kisha popo.
Hakuna aliyeandika habari ya popo.

Alhamisi nilikwenda na mwavuli.
Vijana wa chuma chakavu walikuwa wamekwisha kupita;
risasi hununuliwa kwa kilo, huyeyushwa, hurudi mjini ndani ya betri.
Msimamizi alinionyesha picha ya kitakachojengwa:
vioo, mitende,
watu wanatembea bila vivuli.
Nikamwuliza mlango utakuwa upande gani.
Akasema, pande zote, mama.

Nilipata herufi moja, kwenye tope, kando ya bomba.
Kagoya, mjukuu wangu, ameianza shule mwaka huu.
Akaisugua kwa sketi, akaiangalia.
"Ni b," akasema.
Sikubisha.

Alipolala niliikandamiza kiganjani, nikahesabu hadi thelathini.
Ikatoka d.
Safi, inasomeka, nyekundu pembezoni.
Nilitafuta miwani ili niione vizuri,
na nyama ilikuwa imeanza kurudi mahali pake.